Mche wa Sabuni Katika Shule ya Zizini

Mwalimu Jepkemboi alichora sanduku ubaoni, akapangusa chaki mikononi, akawageukia wanafunzi wa darasa la sita na kuwauliza sanduku lile lilikuwa na nyuso ngapi.

"Tatu," darasa zima likaitikia.

Alidhani wamejibu kwa haraka. Akauliza tena, polepole, akigonga ubao kwa kidole. Wakasema tatu, safari hii kwa sauti kubwa zaidi, na Kipkorir, mvulana mrefu wa dawati la nyuma ambaye hakupenda hesabu wala hesabu haikumpenda, akainuka bila kuitwa na kuja mbele kuzionyesha. Huu wa mbele, huu wa juu, huu wa kando. Alirudi kuketi akiwa ameridhika kabisa, kwa kuwa ilikuwa mara yake ya kwanza mwaka ule kukubaliana na wenzake wote.

Jepkemboi akautazama mchoro wake, na papo hapo akaona kwamba watoto hawakukosea. Ubaoni kulikuwa na nyuso tatu. Zile tatu nyingine zilikuwa kichwani mwake yeye, na hakuna mtoto aliyeweza kuingia humo akazihesabu. Akaongeza mistari ya nukta nukta, kama kitabu kilivyofanya, kuonyesha upande uliofichika. Sasa baadhi wakasema saba, wengine tisa, na mmoja akauliza kama sanduku limepasuka. Kengele ikalia.

Ilikuwa mwezi wa Mei mwaka wa 1971, na Jepkemboi alikuwa na miezi mitano tu kazini. Shule yenyewe ilikuwa kando ya barabara ya kutoka Eldoret kwenda Soy, katika shamba lililokuwa la mzungu mmoja ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Miwani. Alipoondoka, shamba lilinunuliwa na kampuni ya wananchi. Waliotoka Mkoa wa Kati wakaja na malori, vitanda juu, kuku ndani ya vikapu. Waliokuwa wafanyakazi wa hapo tangu zamani wakapata vipande vyao upande wa mto. Jengo lililokuwa imara kuliko yote shambani halikuwa nyumba ya mzungu bali banda lake la kukamulia ng'ombe, la mawe na mabati mazito. Kamati ya shamba ikalisugua, ikalipaka chokaa, ikaligawanya kwa mbao, na likawa shule. Katika karatasi za serikali ilikuwa na jina lake zuri, lakini kutoka Soy hadi mjini watu waliiita Zizini. Timu yao ya mpira ilipokwenda kucheza ugenini, watoto wa shule nyingine waliwapokea kwa kulia kama ndama.

Baba yake Jepkemboi, Mzee Kipyego, alikuwa amekamua ng'ombe katika banda lile kwa miaka ishirini na miwili. Meza ya bintiye sasa ilikaa mahali ambapo yeye alikuwa akiweka ndoo. Jepkemboi alikuwa msichana wa kwanza wa upande wa mto kumaliza chuo cha ualimu, na alipopangiwa shule hii, wapo waliomwonea huruma. Yeye hakujionea huruma hata kidogo.

Alasiri ile alimweleza mwalimu mkuu yaliyotokea. Mwalimu Okello alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kufunga na kufungua kalamu yake anapofikiri.

"Sura hiyo iruke, mwalimu," akasema. "Hizi hesabu mpya zimetushinda hata sisi wazee. Prizimu, sijui feisi, sijui vatisi. Likija swali, litakuwa moja. Moja halimwangushi mtu."

"Nikiiruka, mwalimu, nitakuwa nimewaambia kwamba kuna kitu kisichowafaa wao."

"Hutawaambia. Hawatajua."

"Mimi nitajua," akasema Jepkemboi.

Mwalimu Okello akafunga kalamu. "Haya. Jaribu wiki hii. Wiki ijayo uendelee na mengine."

Akielekea nyumbani, Jepkemboi alipitia dukani kwa Mzee Ndungu, pale njia panda, kununua sukari. Mzee Ndungu alikuwa mmoja wa wale waliokuja na malori. Binti yake, Warigia, alikuwa katika darasa hilohilo la sita, dawati la mbele, mtoto mkimya kupita kiasi. Alipofika shambani miaka minne nyuma hakujua Kiswahili hata neno. Wenzake walimcheka alipojaribu, naye akaona heri anyamaze, na kunyamaza kukawa mazoea.

Mzee Ndungu hakumwona mwalimu akiingia. Alikuwa ameinamia sabuni. Ilikuwa ile ndefu, ya manjano, na alikuwa akiikata kwa waya uliofungwa vijiti huku na huku. Waya ulipita ndani ya sabuni taratibu, kipande kikaanguka, na pale palipokatwa pakabaki mraba laini, sawasawa na mraba wa mwisho wa sabuni nzima. Akakata kingine. Mraba uleule. Angekata popote, Jepkemboi akawaza, angepata uso uleule. Kitabu kilikuwa kimetumia sentensi nne za Kiingereza kusema jambo hilo.

"Mzee," akasema, "hiyo sabuni nzima, kabla hujaikata, unaiitaje?"

Mzee Ndungu akamtazama kana kwamba mwalimu ana homa. "Mche. Mche wa sabuni. Kwani nyumbani kwenu hamfui nguo?"

"Tunafua. Naomba uniazime mche mmoja mpaka kesho jioni."

"Uazime sabuni?" Alikuwa amefanya biashara miaka mingi, na ameombwa mengi, lakini hajawahi kuombwa sabuni ya kurudishwa. "Uifanyie nini?"

"Nifundishie. Haitaguswa na maji."

Mzee Ndungu akafikiri, akapangusa waya kwa aproni yake. "Nitaileta mwenyewe," akasema. "Niione inavyofundisha."

Kesho yake alikuja kweli, amevaa koti, mche umefungwa katika gazeti, waya mfukoni. Warigia alipomwona baba yake akiingia darasani aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa dawati.

Jepkemboi aliuinua mche mbele ya darasa na kuwauliza jina lake.

"Sabuni," wakasema.

"Ikiwa nzima hivi?"

"Mche," akasema msichana mmoja. Mwingine akapinga kwamba mche ni wa kabichi, unaotolewa kitaluni na kupandwa. Wakabishana kidogo, na mwalimu akawaacha wabishane, kwa sababu tangu sura ile ianze hawakuwa wamebishana juu ya kitu chochote walichokijua. Kisha akaandika ubaoni neno la kitabu, prizimu, na kando yake akaandika *mche*. Chini akaandika maneno mengine matatu ya kitabu, na kando yake: uso, ukingo, kona.

"Haya ya kushoto ni ya mtihani," akasema. "Ya kulia ni ya kichwani mwenu. Mtayahitaji yote."

Akamwita Kipkorir. Akampa chaki na mche, akamwambia aandike namba kwenye kila uso, na asiache hata mmoja. Kipkorir akaandika moja, mbili, tatu, akasimama. Alikuwa amemaliza zile zake za jana. Kisha mkono wake ukaugeuza mche wenyewe, na darasa likamwona akikunja uso, akiandika nne, tano. Akainua mche juu ya kichwa, akauchungulia chini, akaandika sita.

"Jana zilikuwa wapi hizi?" akauliza, kwa hasira kidogo.

"Zilikuwa nyuma ya ubao," akasema Jepkemboi, na darasa likacheka, na Kipkorir naye akacheka.

Kingo ziliwasumbua zaidi, kwani kila aliyezihesabu kwa kupitisha kidole alihesabu nyingine mara mbili. Wakakubaliana kwamba ukingo ukishaguswa upigwe mstari wa chaki, na kona ikishaguswa iwekewe nukta. Kingo kumi na mbili. Kona nane. Mche ukazunguka dawati kwa dawati, mikono sitini na miwili, na Mzee Ndungu akiufuata kwa macho kama mtu anayechunga.

"Sasa, Mzee, tukatie katikati," akasema Jepkemboi. "Lakini kwanza kila mtu aniambie. Sabuni ikikatwa nusu, kingo zitabaki ngapi?"

"Sita," wakasema. Nusu ya kumi na mbili, nani asiyejua?

Waya ukapita. Vipande viwili vikalala mezani. Wakahesabu kimoja, wakahesabu kingine, wakarudia. Kumi na mbili, na kumi na mbili. Darasa zima likainuka kuvitazama kwa karibu. Hata Mzee Ndungu alikichukua kipande kimoja, akakigusa kona moja moja kwa kidole gumba, midomo ikicheza. Miaka yote ile alikuwa amekata sabuni bila kuzihesabu.

"Nane," akasema polepole, akikirudisha.

Siku iliyofuata Jepkemboi aliwaambia kila mtoto aje na kiazi na kisu butu. Wakachonga. Wengine walichonga miche yenye vichwa vya pembetatu, wengine vya pande tano, wengine vya pande sita kama nati ya trekta. Sakafu ikajaa maganda, na mwalimu wa darasa la tano akachungulia juu ya mbao kuuliza kama kuna harusi. Wakachora jedwali kubwa ubaoni: pande za kichwa, nyuso, kingo, kona. Kila aliyemaliza kuhesabu kiazi chake alikwenda kuandika namba zake, na palipotokea mbili zisizolingana, wote wawili walirudi kuhesabu mbele ya darasa mpaka mmoja akubali.

Warigia hakuchonga. Alikuwa na kiazi chake kizima mezani na alikuwa akilitazama jedwali. Jepkemboi akamwendea.

"Umekwama?"

Mtoto akatikisa kichwa. Akasema jambo kwa sauti ndogo ambayo mwalimu hakuisikia. Akamwinamia.

"Sihitaji kuhesabu," akasema Warigia.

"Kwa nini?"

Ilimchukua muda kuyapanga maneno. "Mche una vichwa viwili. Kichwa kikiwa na pande tano, kina kona tano. Kingine pia kina tano. Hizo ni kumi. Kingo pia, tano hapa, tano kule, halafu tano za kuunganisha. Tatu mara tano. Nyuso ni tano za kuzunguka, na vichwa viwili." Akavuta pumzi. "Nikijua kichwa, najua mche wote. Hata ambao haujachongwa."

Jepkemboi akasimama wima. Alilitazama jedwali, akaanza juu, akashuka: tatu, nne, tano, sita. Ilikuwa hivyo. Kitabu hakikusema, na chuoni hakuna aliyemwambia, na yeye mwenyewe alikuwa amelitazama jedwali lile nusu saa nzima bila kuliona jambo hilo.

"Watoto, wekeni visu chini," akasema. "Warigia atatufundisha. Nami nafundishwa pamoja nanyi, maana hili sikulijua."

Warigia akaenda mbele. Sauti ilitetemeka mwanzoni, Kiswahili chake kikiwa na lafudhi ya nyumbani, akisema *kira* badala ya *kila*. Hakuna aliyecheka. Walikuwa na shughuli ya kuhakikisha kwa viazi vyao.

Wiki ile Jepkemboi aliyasimulia hayo nyumbani, akimsaidia mama yake jikoni. Mzee Kipyego alisikiliza kutoka mlangoni, akachukua kiazi kimoja kutoka kwenye sufuria, akakigeuza.

"Na mnakula baadaye?" akauliza.

"Tunapika, baba. Siku ya Ijumaa tulikula wote."

"Vizuri," akasema mzee, akakirudisha. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini Jumatatu yake, mzee alipokuwa akipeleka maziwa, Jepkemboi alimwona akisimama muda mrefu nje ya dirisha la darasa, kofia mkononi.

Katikati ya Julai shule kumi na mbili za upande ule zilifanya mtihani wa pamoja. Karatasi zilitoka mjini katika bahasha zilizopigwa lakiri, na zikarudishwa huko kusahihishwa na kamati ya walimu. Swali la kumi na saba liliuliza juu ya mche wenye kichwa cha pande tisa: nyuso, kingo na kona zake. Hapakuwa na mchoro.

Baada ya siku tisa ikaja barua. Mwalimu Okello aliisoma akiwa amesimama, kisha akamwita Jepkemboi ofisini na kufunga mlango. Kamati ilikuwa imeona kwamba swali la kumi na saba, ambalo katika shule nyingine kumi na moja watoto walilikosa, katika shule hii watoto wote thelathini na mmoja walilipata. Matokeo ya hesabu yamezuiliwa. Mwalimu wa somo anashukiwa kuiona karatasi mapema. Mkaguzi atakuja Alhamisi.

Jepkemboi aliketi bila kukaribishwa.

"Niambie sasa, kabla hawajaja," akasema Mwalimu Okello. "Uliiona karatasi?"

"Sikuiona."

"Wote thelathini na mmoja? Hata Kipkorir?"

"Hata Kipkorir."

Mwalimu mkuu alifungua kalamu, akaifunga. Jepkemboi alijua anachofikiri. Alikuwa mtu wa familia, amebakiza miaka sita kustaafu, na ndiye aliyekuwa ameshika ufunguo wa kabati la mitihani. Njia rahisi kuliko zote ilikuwa kuandika kwamba mwalimu ni mgeni kazini na hajui taratibu.

Hakuandika kitu. Aliinuka, akatoka, akaingia darasa la sita, akajibana katika dawati la mbele kando ya Warigia, magoti yakigonga mbao.

"Nifundishe," akamwambia. "Mche wa pande tisa. Mimi sijui chochote."

Warigia alimtazama kuona kama ni mzaha. Kisha akachukua kipande cha chaki na kumfundisha, juu ya dawati, kwa dakika kumi. Mwalimu mkuu aliuliza maswali mawili ya kijinga kwa makusudi na moja la kijinga kweli. Alipoinuka alikuwa na chaki kwenye mkono wa koti.

"Nitamjibu mkaguzi mwenyewe," akamwambia Jepkemboi mlangoni. "Nami nilikuambia uiruke sura ile. Hilo pia nitamwambia."

Habari ikaenea. Alhamisi asubuhi, mvua ikinyunya na barabara ikiwa tope tupu, Land Rover ya mkaguzi ilipofika ilikuta wazazi wamejaa uani. Hakuna aliyewaita. Wengine walikuja na majembe, wakitoka kupalilia mahindi. Waliotoka upande wa mto walisimama kivyao, na wa njia panda kivyao, kama walivyosimama kila mara tangu shamba linunuliwe.

Mkaguzi alikuwa mtu mwembamba mwenye mkoba wa ngozi. Alimsalimu kila mtu kwa adabu, akamsikiliza Mwalimu Okello mpaka mwisho, kisha akasema angependa kukaa na watoto peke yake. Mwalimu wa somo asubiri nje.

Basi Jepkemboi akasimama uani na wazazi, chini ya ukingo wa mabati. Mlango ulifungwa. Madirisha ya banda lile yalikuwa mapana, bila vioo, na watu wakayasogelea. Alijaribu kusimama mbali, asionekane akiwapa watoto ishara, lakini miguu yake ilimpeleka ukutani yenyewe, akaegemea jiwe baridi na kusikiliza.

Aliisikia sauti ya mkaguzi ikiuliza nani hupata alama chache kuliko wote katika hesabu. Dawati likaburuzwa, na akajua ni Kipkorir ameinuka.

"Mche wenye kichwa cha pande kumi na tano," akasema mkaguzi. "Nyuso ngapi?"

Jepkemboi akafumba macho. Alimwona mvulana akilini mwake, akihesabu kwa vidole mgongoni.

"Kumi na saba," akasema Kipkorir.

"Kingo?"

"Arobaini na tano. Na kona thelathini."

"Nani alikuambia hayo?"

"Hakuna aliyeniambia. Una vichwa viwili, bwana," akasema Kipkorir kwa uvumilivu, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Akaeleza yote, kichwa cha huku, kichwa cha kule, na kingo za kuunganisha. Alipofika kwenye nyuso alirudi nyuma kidogo kwa sababu alikuwa ameruka jambo, akajisahihisha, akaendelea.

Mkaguzi aliwaita wengine watano, mmoja mmoja, akiwapa pande nane, ishirini, mia moja. Wakajibu. Uani mvua ilizidi, na wa njia panda wakasogea chini ya mabati walipokuwa wa upande wa mto, bega kwa bega, kila mtu akitaka nafasi ya dirisha.

"Sasa la mwisho," akasema mkaguzi. "Tugeuze. Nina mche wenye kingo arobaini. Kichwa chake kina pande ngapi?"

Hilo hawakuwahi kulifanya. Jepkemboi hakuwahi kuwauliza wageuze. Akaanza kuhesabu mwenyewe, arobaini kwa tatu, akakwama, akaanza tena akidhani amekosea. Ndani watoto walikuwa wakinong'ona. Dakika ikapita.

"Naitwa Warigia Ndungu, bwana," ikasema sauti iliyo wazi, iliyosikika mpaka kwenye Land Rover. "Mche huo haupo."

"Haupo vipi?"

"Kingo za mche huja tatu tatu. Thelathini na tisa, ndiyo. Arobaini na mbili, ndiyo. Arobaini, hapana. Huwezi kuuchonga hata ukiwa na kiazi kikubwa namna gani."

Jepkemboi alisikia mkoba ukifunguliwa, karatasi, kalamu ikikwaruza. Kalamu ikasimama. Halafu mkaguzi akacheka, taratibu, kicheko cha mtu anayejicheka mwenyewe.

"Mtoto," akasema, "hiyo arobaini niliichukua tu hewani ili iwe ngumu. Sikujua kama haupo. Keti. Umeniketisha na mimi."

Uani Mzee Ndungu alikuwa amesimama kwenye dirisha, mikono imeshika jiwe, machozi yakimteremka naye hayafuti. Aliyekuwa kando yake, kwa sababu mvua ndiyo iliyowapanga hivyo, alikuwa Mzee Kipyego. Wazee hao wawili walikuwa wamekaa shamba moja miaka minne bila kuzungumza zaidi ya salamu.

"Huyo aliyejibu ni wako?" akauliza Kipyego.

"Ni wangu," akasema Ndungu. "Na mwalimu ni wako."

"Ni wangu," akasema Kipyego.

Wakapeana mikono. Walishikana kwa muda, wote wawili wakitazama ndani ya darasa.

Mkaguzi alipotoka alimtafuta Jepkemboi, akamkuta pale ukutani, mgongo wa gauni umejaa chokaa. Alivua kofia katika mvua.

"Nilikuja kutafuta mwizi, mwalimu. Matokeo yako yatatoka kesho, nami nitaandika nilichokiona." Akasita. "Likizo ya Agosti tuna semina mjini, walimu wa hesabu wa shule zote kumi na mbili. Shule kumi na moja hazikulijua swali lile, na walimu wao hawakulijua. Ungekuja kuwafundisha?"

"Mimi?" akauliza Jepkemboi. "Nina miezi saba kazini."

"Wengine wana miaka ishirini," akasema mkaguzi, "na ndio watakaokaa kwenye madawati."

Siku ya semina Mzee Kipyego alisema ana shughuli zake mjini. Hakuwa nazo. Alivaa koti lake la kanisani, akalibeba begi la bintiye mpaka barabarani, na hakulitoa mkononi hadi Eldoret. Ndani ya basi kila aliyepanda na kumsalimu alijibiwa salamu na kuongezewa jambo asiloliuliza.

"Huyu ni Jepkemboi, binti yangu. Anakwenda kufundisha walimu."

"Baba," akasema Jepkemboi kwa sauti ya chini, akitazama nje.

"Ni uongo?"

"Si uongo."

"Basi," akasema mzee, akamgeukia aliyefuata.

Ukumbini walikuwa walimu thelathini na wanane, wanaume karibu wote, baadhi yao wenye mvi. Mmoja alimwomba Jepkemboi amletee chai, akidhani ni karani. Jepkemboi alimletea, akamwekea mezani kwa mikono miwili, kisha akaenda mbele, akachukua chaki na kujitambulisha: jina lake, na kwamba anatoka Zizini. Alilitaja jina hilo lenyewe, si lile la kwenye karatasi. Watu wawili watatu walitabasamu. Akawasubiri wamalize, kisha akaanza, na alifundisha siku nzima mpaka sauti ikakauka.

Alipotoka jua lilikuwa bado lipo. Mzee Kipyego alikuwa ameketi kwenye ngazi za ukumbi, mahali palepale alipomwacha asubuhi, begi tupu la bintiye juu ya magoti.

"Walikusikiliza?" akauliza.

"Walinisikiliza, baba. Na waliandika."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akainuka, akakung'uta koti, akanyoosha mkono apewe vitabu avibebe yeye. Wakashuka barabara kuu ya mji, mzee akitembea katikati ya njia, polepole kuliko kawaida yake, ili watu wawaone vizuri.